Kosa la Pua

Katika ile nyumba ya kutibiwa ulevi kulikuwa na desturi moja ambayo wageni waliiona utovu wa adabu. Kila asubuhi kabla ya chai, kila mgonjwa alinusa kinywa cha mwenza wake, kisha akamtangazia muuguzi, "Safi." Bingwa wa kazi hiyo alikuwa mpishi mmoja wa hoteli, mtu wa kitambi na majivuno, ambaye wenzake walimwita Pua. Alijigamba kwamba mtu akipita tu karibu na baa yeye atamjua, na atamwambia alipita upande gani wa barabara.

Mwenza wake alikuwa Fundi Rangi, mtu mwembamba aliyelalamikia kila kitu: chai imepoa, godoro lina mabonde, kuta zimepakwa na vipofu. Pua alikuwa akimlaani kimoyomoyo kutwa kucha. Kisha malalamiko yakakatika ghafla. Fundi Rangi akatulia kama maji mtungini, akaanza kugawa vitu. Dereva wa kitanda cha mlangoni akapewa viatu vya ngozi, redio ikaenda kwa Mwalimu wa kitanda cha dirishani. Nyumba nzima ikafurahi, na Dereva alitembea akivitazama viatu vyake mpaka akajigonga mlangoni.

Pua hakupata kitu, na jambo hilo lilimkera. Nani aliyekuwa akivumilia mikoromo ya yule bwana, kama si yeye? Alipozidi kununa, Fundi Rangi akamletea brashi yake ya kumalizia kingo, ile aliyokuwa akiilaza chini ya mto.

"Chukua, kaka. Mimi sitaihitaji."

Hapo Pua akashtuka. Enzi zake za ulevi aliuza sufuria, akauza saa, akauza hata kabati la mama mkwe, lakini kisu chake cha kazi hakukigusa. Fundi hagawi mkono wake. Akakata shauri kwamba jamaa amelewa, na kama amelewa, basi pua yake imemtia aibu mbele ya watu wazima.

Kesho yake alimnusa mpaka mwenzake akarudi nyuma. Akanusa kinywa, akanusa kola, akanusa viganja. Dawa ya meno tupu. Akatamka "Safi" kwa shingo upande, kisha baada ya chai akapekua godoro, akachungulia tangi la choo, akafungua makopo ya rangi yaliyokuwa stoo. Hakuna kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alijiambia, na mshindo wa huyu lazima uwe na kizibo.

Mchana akamwona akizunguka nyuma ya chumba cha kufulia. Akamfuata kwa kunyata, ingawa kitambi kile hakikuumbiwa kunyata. Akajikwaa kwenye ndoo, akajinasa kwenye nguo zilizoanikwa, akatokea mbele ya mwenzake akiwa amefunikwa shuka gubigubi.

"Nipe hiyo chupa," akasema ndani ya shuka.

Fundi Rangi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya saruji, mikono mitupu.

"Sina chupa, kaka. Ningekuwa nimelewa nisingekumbuka kitu. Nakumbuka vyote."

Akavieleza taratibu, kama anayetaja bei za rangi. Mke aliyechoka. Watoto wanaobadilisha njia wakimwona. Mama yake aliyezikwa yeye akiwa baa. Pombe ilikuwa imeyafunika hayo, na sasa yamefunuka yote kwa pamoja.

Kumkamata mlevi Pua alijua; mtu mwenye akili timamu anayezama mbele ya macho yake hakuwahi kumwona. Aliogopa, tena sana. Alisita kuuliza, maana alidhani kulitaja jambo lenyewe ni kuliita. Hata hivyo akauliza.

"Unataka kujiua?"

Fundi Rangi akamtazama kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Siku zote hizi nawaza hivyo. Hakuna aliyeniuliza. Mlinishukuru tu kwa viatu."

Pua akamkamata mkanda wa suruali, akamwita muuguzi kwa sauti aliyokuwa akiitia sahani jikoni. Muuguzi alipofika akasema sasa anaweza kumwachia. Hakumwachia. Wakaingia ofisini wote watatu, Pua bado kashika mkanda. Muuguzi hakukemea wala hakulia. Alimwita daktari, akawaambia kwamba wengi wakiacha pombe hupitia hapo, si aibu na hali hiyo hutibika, na kumuuliza mtu hakumtii wazo kichwani. Kisha akamwomba Fundi Rangi aahidi kwamba wazo likirudi atasema. Yule bwana akainamisha kichwa, akasema hapendi kusumbua watu.

"Nisumbue mimi," akasema Pua.

Siku chache baadaye Pua alikuwa katika usingizi wake wa baada ya chakula, ambao hakuna aliyethubutu kuukatiza, kwani Dereva alipojaribu alirushiwa ndala zote mbili. Mkono ukamgusa bega.

"Kaka, limerudi."

Pua akaketi, nywele zimesimama, shati limegeuka ndani nje. Machozi yalikuwa yakimtoka naye anacheka, akipapasa chini ya kitanda kutafuta ndala.

"Asante," akasema. "Asante kwa kunisumbua. Twende."