Kitufe cha Kushoto

Mara ya tatu katika mchezo mmoja, Nyigu alitoka nyuma ya ukuta bila kutaka. Alikuwa amepanga kusogea hatua moja tu kushoto, achungulie, afyatue risasi, arudi mafichoni. Badala yake askari wake kwenye skrini aliendelea kutembea, hatua ya pili, ya tatu, mpaka katikati ya uwanja, akapigwa kama kuku aliyeingia sebuleni.

"Nyigu, unakwenda sokoni?" Nahodha wa timu alimuuliza kwenye hedfoni.

"Ni kibodi," alijibu akisaga meno. "Kitufe cha kushoto kinang'ang'ania."

Jina la Nyigu alipewa na wenzake wanne wa timu kwa jinsi alivyocheza: anachoma, anatoweka. Siku za kazi alikuwa mkata vioo katika karakana ya madirisha. Jioni alikuwa mchezaji wa mbele, yule anayetangulia kuingia mlangoni. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, na mashindano yalikuwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Yaani siku nane tu, na kitufe kimoja kinamfanya kichekesho.

Jumatatu, alipotoka kazini, alimpelekea fundi wa kompyuta kibodi yake ikiwa imeviringishwa kwenye taulo kama kitoto kichanga. Fundi aling'oa kofia ya kitufe, akapuliza, akamulika kwa tochi ya simu. Akasema haoni ubaya.

"Basi nibadilishie swichi," Nyigu alisema. "Zote."

Hapo fundi alichangamka. Alitoa sinia lenye vijumba vidogo, kila kijumba na rangi yake. "Kila kitufe kina swichi yake chini, dada. Hizi zinashuka laini mpaka mwisho, kama droo iliyopakwa mafuta. Hizi zina kigongo katikati. Ukikivuka, kidole kinajua kimebonyeza. Na hizi zina kigongo na kelele juu yake, tak, tak, hata jirani ajue. Halafu kuna springi nyepesi na springi ngumu. Sikuchagulii. Hii ni kama ndoa, kila mtu na wake."

Nyigu alichagua laini zenye springi nyepesi, kwa kuwa wachezaji wote wenye mbio walizisifu. Jumanne ikawa balaa. Askari alitembea hata pale Nyigu alipokuwa ameweka mkono tu, akisubiri. Jumatano akarudi kwa fundi, akawekewa ngumu zenye kigongo, kibodi nzima. Kitufe cha kushoto kilitulia kidogo, lakini kufika mchezo wa pili mkono ulikuwa unauma mpaka kwenye kiwiko, na vidole vingine vikawa vinachelewa kama vimetumwa dukani. Alhamisi akajaribu zile za kelele. Hakumaliza hata mchezo mmoja. Wifi yake, mke wa kaka yake ambaye kwake ndiko alikoishi, aligonga mlango kwa kandambili.

"Wifi, unakaanga bisi humo ndani? Mtoto ndiyo kwanza amelala!"

Na kwenye hedfoni Nahodha naye alikuwa analia: "Nani kawasha mvua ya mawe? Sisikii nyayo za adui!"

Ijumaa alifika kwa fundi akiwa amevimba kwa hasira. "Swichi zako zote takataka."

Fundi hakukasirika. Aliweka bisibisi chini. "Dada, kibodi hii nimeifungua mara tatu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Hebu weka mkono wa kushoto hapa kama unavyocheza. Fumba macho. Kila nikibonyeza kidole chako, sema 'sasa'."

Nyigu alisonya, lakini akafumba macho. Fundi alianza na kidole cha shahada.

"Sasa."

Kidole cha kati. "Sasa."

Kikapita kimya. Nyigu alisubiri, akachoka. "Mbona huendelei?"

"Nimeendelea," fundi alisema taratibu. "Nimekibonyeza mara mbili."

Alifumbua macho. Kidole chake cha pete kilikuwa kimelala juu ya kitufe cha kushoto, na kitufe kilikuwa kimezama hadi chini. Juu ya kidole kulikuwa na kovu jembamba, kumbukumbu ya kioo kilichomponyoka karakanani miezi miwili iliyopita. Uso ulimwaka. Alikunja taulo juu ya kibodi na kuondoka bila kuaga.

Ukweli ni kwamba alijua, au alijua nusu. Siku alipotolewa nyuzi kliniki aliambiwa arudi baada ya wiki mbili, kwa sababu huenda mshipa wa fahamu umeguswa. Hakurudi. Kulikuwa na mchezaji wa akiba aliyekuwa akiinyemelea nafasi yake, na daktari anaweza kusema neno ambalo huwezi kulirudisha. Akajiambia ni ganzi tu, itaisha. Ilikuwa rahisi zaidi kugombana na springi.

Jioni hiyo alisimama jikoni akimsimulia wifi yake ubaya wa fundi, mkono ameuegemeza kando ya jiko, akiongea bila kituo.

"Wifi! Kidole!"

Nyigu aliuvuta mkono. Ncha ya kidole cha pete ilikuwa imeegemea sufuria ya maji yanayochemka, na lengelenge lilikuwa limeanza kuinuka. Hakuwa amesikia kitu. Wifi alimkokota mpaka kwenye bomba, akamwagia maji ya baridi, na hapo bombani Nyigu akaeleza yote.

"Mficha maradhi kifo humfichua," wifi alisema mwishowe.

"Wifi, hapa hakuna kifo, kuna kidole."

"Basi kidole kimekufichua." Alikifuta kwa kitambaa, akaanza kukiminya polepole kuanzia chini ya lengelenge kwenda juu. "Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana."

Alipofika kwenye kiungo cha kati, Nyigu alishtuka. "Hapo ndiyo. Hapo nasikia vizuri kabisa."

Asubuhi ya Jumamosi alimwomba fundi radhi, huku kidole kimefungwa bandeji nyembamba. Alitaka swichi laini na nyepesi kila mahali, isipokuwa chini ya kitufe kimoja, cha kushoto. Hapo alitaka ile ngumu kuliko zote, yenye kigongo kikubwa.

"Utakuwa kama umevaa kandambili mguu mmoja na buti mguu wa pili," fundi alisema.

"Nivishe tu."

Alipobonyeza, kigongo kilipanda mpaka kwenye kiungo cha kati kama mtu anayebisha hodi. Alipolegeza, springi ngumu ilikisukuma kidole juu yenyewe. Haikuwa dawa: katika mara kumi, mara mbili bado kidole kilimsaliti. Lakini mara nane ni nane.

Iliyobaki ilikuwa simu. Alimpigia Nahodha akamwambia kila kitu, kovu, kliniki, sufuria.

"Nimebadilisha mpango wa mchezo mara mbili kwa ajili ya kibodi," Nahodha alisema. "Ungeniambia Jumamosi iliyopita, tungekuwa na wiki nzima."

"Najua."

"Hujui. Haya, utacheza mechi ya kwanza. Ukiharibu, anaingia wa akiba."

Jumapili ukumbi ulijaa nyaya na feni. Mechi ya kwanza ilikwenda mpaka raundi ya mwisho. Nyigu alisogea hatua moja kushoto, akasikia hodi kwenye kiungo, akalegeza. Askari akasimama palepale alipotakiwa kusimama. Alichoma, akatoweka. Walishinda, na Nahodha akamwacha kitini.

Katika mechi ya pili Nahodha aliwapeleka wote watano mlango wa chini. Nyigu aliona kivuli juu. "Mlango wa juu!" alipiga kelele. "Wako mlango wa juu!" Hakuna aliyegeuka. Walifagiliwa kwa sekunde sita, na raundi zilizobaki ziliporomoka kwa mtindo ule ule. Saa nane mchana walikuwa nje ya mashindano.

Nyigu alivua hedfoni akazibwaga mezani. Safari hii kosa halikuwa la kidole wala la springi, na alidhani angalau hilo lingempoza. Halikumpoza.

"Nilikwambia mlango wa juu."

"Nilikusikia," Nahodha alisema, akikunja waya wa kipanya chake bila kumtazama. "Sikukuamini. Wiki nzima uliniambia ni kibodi."

Nyigu alikuwa na hasira naye, ingawa alijua ni kweli.

Nahodha alifunga zipu ya begi lake. "Jumanne mazoezi."

"Jumanne nakwenda hospitali."

Nahodha alimtazama kwa mara ya kwanza tangu washindwe. "Basi Jumatano. Na watakachokwambia huko, unanipigia siku hiyo hiyo."

"Nitakupigia," Nyigu alisema kwa sauti ya kununa, akaanza kuchomoa nyaya zake moja moja.