Breki za Winga

Mume wangu alikuwa winga, na asiyejua hilo ni yule tu ambaye hajawahi kukaa naye dakika tano. Alipostaafu kandanda, chuo kimoja kikamchukua awafundishe wanafunzi mbio fupi. Akarudi nyumbani kavimba kichwa hadi nikashangaa amepitaje mlangoni. Cheo hakikumbabaisha. Alichofurahia ni kwamba bado kuna mahali watu watasimama wamtazame akikimbia.

Tatizo, wanafunzi wake hawakushinda hata kwa bahati mbaya. Wanatoka kama risasi, wanaongoza, kisha utepe ukiwa puani wanapitwa. Yeye akalaumu viatu, akalaumu upepo, hata mpishi wa chuo hakusalimika. Mwishowe mkuu wa chuo, mama asiyepindisha maneno, akamwambia: mashindano ya vyuo yakipita bila medali, timu atapewa mwalimu wa kuogelea. Mume wangu akanuna, chakula kikawa hakipandi wala hakishuki.

Nikaenda uwanjani kujionea. Kueleza hakujui, yeye ni wa kuonyesha. "Nitazameni mimi!" akapaza sauti, kisha huyoo, kitambi mbele, mwenyewe nyuma. Na alipendeza, siwezi kumnyima haki yake. Lakini alipoukaribia mstari wa mwisho alikita mguu, akapinda kiuno, akasimama kabla ya chokaa. Winga maisha yake yote anaogopa mstari, maana mpira ukivuka umetoka. Wanafunzi wakamfuata, na wote wakafunga breki palepale, viuno vimepinda vilevile. Nilicheka hadi nikakaa chini.

"Mama watoto, unacheka nini?"

"Unawafundisha kusimama."

"Mimi?"

"Wewe. Huo mstari si wa kutoa mpira, baba. Huo unavukwa!"

Akabisha, akakimbia tena kunionyesha. Akasimama kabla ya chokaa. Akarudia, jasho linamchuruzika, mguu ukakataa katakata. Wanafunzi wakaanza kutazama pembeni, na mimi kicheko kikanikauka. Nilimhurumia. Nikamletea kiti kutoka ofisi ya michezo.

"Kaa hapa. Fundisha kwa mdomo."

Alikaa kama aliyekalia miiba, lakini alikaa, mazoezi baada ya mazoezi. Siku ya mashindano, msichana mmoja anayesomea uhasibu aliupita mstari kwa kasi ileile hadi akaenda kumkumba mpiga picha. Dhahabu! Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

Mkuu wa chuo akatangaza mkataba mpya palepale, mbele ya wazazi.

"Kocha, nimeagiza ununuliwe kiti kizuri zaidi, chenye mto. Sitaki kukuona umesimama tena."

Watu wakaangua kicheko na makofi. Mume wangu akacheka kuliko wote, akashukuru kwa mikono miwili.

Nyumbani alivua viatu vyake vya mbio, akavipangusa vumbi polepole, hadi kwenye soli. Kisha akaniuliza kaka yangu anavaa namba ngapi.