Pipa Lililooshwa

Watoto wa nguruwe wa Fabiola hawakuwa wakifa kwa njaa. Walikufa kwa kuharisha, tena kwa ratiba. Wakishaachishwa ziwa tu, siku ya nne au ya tano banda zima linanuka, na kabla wiki ya pili haijaisha Fabiola anachimba shimo nyuma ya migomba. Uzao wa kwanza walibaki wawili. Uzao wa pili alibaki mmoja, naye alidumaa mpaka watu wa Maisaka wakawa wanauliza kama ni mbwa.

Mumewe, Marcelino, dereva wa Fuso la vitunguu, si mtu wa maneno mengi. Siku moja alirudi safari, akasimama mbele ya banda mikono kiunoni, akasema, "Mama Evelyne, uzao wa tatu ukienda hivi, navunja hili banda. Najenga chumba cha kupangisha. Chumba hakiharishi."

Neno lile lilimkaa Fabiola rohoni. Banda lile alilijenga mwenyewe, kwa mabanzi aliyoyabeba kichwani kutoka kwa wapasua mbao. Kiwanja kilikuwa cha Marcelino, nyumba ya Marcelino, na hata wale kuku walikuwa wa Evelyne, binti yao aliyekuwa shule ya bweni. Cha kwake pale nyumbani kilikuwa banda. Na tusidanganyane, alikuwa anawapenda nguruwe wake. Wapo watu wanaopenda maua. Yeye alipenda kumkuna jike lake nyuma ya sikio mpaka lifumbe macho.

Aliyemwonyesha njia ni Theophil, bwana mifugo. Alimwambia aache kuwapa watoto pumba kavu, awape uji mchachu. Unachukua pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa wa kusaga, unatia kwenye pipa na maji zaidi ya mara mbili, unakoroga, unafunika. Siku ya kwanza na ya pili unaacha, maana hapo vijidudu vibaya bado vina nguvu. Siku ya tatu harufu inageuka, inakuwa kama ya maziwa ya mgando, na hapo kimeiva. Kuanzia hapo kila ukichota unabakiza kiasi chini. Hicho cha chini ndicho mbegu. Ukiongeza pumba mpya na maji juu yake, kesho yake kiko tayari.

"Pipa halioshwi," Theophil alisema. "Ukiliosha umeanza upya."

Fabiola alimuuliza uchachu unasaidia nini tumboni. Theophil akajibu, "Utumbo wa mtoto aliyeachishwa ziwa ni kama benchi la kanisani asubuhi na mapema. Tupu. Wazuri wakiwahi kukaa, wabaya watakuja wakute pamejaa."

Basi jike alizaa kumi na mmoja, wote wakapona ziwani, na Alhamisi moja Fabiola akawatenga na mama yao. Pipa lake la bluu lilikuwa na wiki mbili tayari, limechacha vizuri. Ijumaa asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alikwenda kutazama kinyesi. Wenzake wakiamka wanatazama simu. Yeye alitazama kinyesi. Kilikuwa kimeshikana vizuri, na moyo wake ukatulia.

Sasa, wiki hiyohiyo nyumbani palikuwa na mgeni. Mama yake Marcelino, ambaye watu wote wanamwita Mama Damasi kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa ameteremka kutoka Dongobesh kuja kliniki ya macho. Mama yule hajui kukaa. Ukimwekea kiti anatafuta ufagio. Ukimnyang'anya ufagio anachambua maharage, na macho yenyewe hayo yana ukungu, anachambua kwa vidole. Fabiola alimheshimu mno, miaka kumi na minne, heshima ile ya mkwe ambayo ndani yake kuna woga mwingi. Kumweleza habari za pipa hakuthubutu. Utaanzaje kumfundisha mama mkwe mambo ya nyumba?

Jumamosi jumuiya ya kanisa ilikuwa isali kwao. Asubuhi Fabiola alipanda bajaji kwenda sokoni, akapita kwa Mustapha, muuza vyakula vya mifugo, kuchukua mashudu. Mustapha ni Mwislamu safi, na katika miaka yote hiyo hajawahi kulitamka jina la mnyama yule.

"Wageni wako wanaendeleaje?" alimuuliza.

"Wanakula, baba. Wanakula na wanatulia."

"Alhamdulillahi. Usiniambie zaidi ya hapo," akasema Mustapha, wakacheka wote wawili.

Alirudi saa nne. Alipoingia uani mzigo ulimponyoka. Pipa la bluu lilikuwa limeegemezwa ukutani, mdomo chini, linang'aa kuliko siku lilipotoka dukani. Mama Damasi alikuwa amekaa kando yake na majivu mpaka kwenye viwiko, uso umejaa furaha ya mtu aliyetenda wema.

"Mwanangu, lilikuwa limeoza," alimwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetunza siri. "Nimemwaga kule kwenye migomba. Nikalisugua kwa majivu, nikalimwagia maji yaliyochemka. Jumuiya waje wasikie harufu ile, wangesemaje juu yako?"

Mama huyu alikuwa amemfichia aibu. Kwao, mkwe akikutwa na chombo kinachonuka, mama mkwe huosha kimyakimya kabla ya wageni kufika, na habari inaishia hapo. Fabiola alilijua hilo. Alisikia machozi yakimpanda, akayameza.

"Asante, mama," akasema.

Ndilo kosa lake la kwanza hilo. La pili mimi naliona kirahisi kwa sababu sikuwa pale nikisikia kelele. Alikoroga pipa jipya mchana uleule kwa mti mwingine, maana mwiko wake hakuuona, jumuiya wakaja wakasali wakanywa chai, wakaondoka. Jioni watoto wale kumi na mmoja walipewa pumba kavu kidogo, wakazisusa. Usiku kucha wakalia. Jumapili baada ya misa wakalia zaidi, ile sauti kali inayochoma sikio, na majirani wakaanza kuchungulia. Theophil alisema siku tatu. Fabiola alijua ni siku tatu. Lakini mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Jioni alifunua pipa, akanusa, akajiambia limeanza kuchacha, akawachotea. Wakala kwa pupa, wakanyamaza, naye akaenda kulala.

Jumatatu asubuhi kinyesi kilikuwa maji. Alimpigia Theophil, naye hakumgombeza. Alimwambia aondoe chakula chote nusu siku, awape maji safi yenye chumvi na sukari, awawekee majani makavu wasipate baridi, na akiona damu asisubiri, ampigie muda huohuo. Damu haikuonekana. Ila Jumanne alipoamka mmoja alikuwa amelala pembeni, amekauka.

Marcelino alipiga simu kutoka njiani, akaambiwa amekufa mmoja na wengine wanaharisha. "Nilisema," akajibu. "Jumamosi nakuja na fundi apime." Hakuuliza sababu, na Fabiola hakumpa. Kumtaja mama yake? Afadhali banda liende.

Alichimba shimo. Aliporudi na jembe alimkuta Mama Damasi ameinama juu ya pipa, mfuniko mkononi, ananusa. Macho yake hayakuwa na msaada, lakini pua ilikuwa nzima.

"Mama Evelyne, hiki unawapa hawa watoto?"

"Ndiyo, mama."

"Hakijaiva. Baridi hii imekichelewesha, bado kinapiga povu la fujo. Mimi nimepika pombe Dongobesh miaka ishirini, mpaka magoti yalipokataa. Ukimpa mtu pombe iliyo katika hali hii atashinda chooni siku mbili." Akanusa tena. Fabiola aliona uso wake unabadilika polepole. "Kile nilichomwaga Jumamosi. Kilikuwa kimeoza, au kilikuwa kimechacha?"

Fabiola alitazama chini. Aliona kumdanganya mama mtu mzima ni vibaya, na kumwambia ukweli ni vibaya, na jembe lilikuwa bado na udongo wa kaburi la yule mtoto. Akasema, "Kilikuwa kimechacha, mama. Kile cha chini kilikuwa mbegu."

Mama Damasi aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Hakulia wala hakujitetea. "Na wewe ukaniambia asante," akasema.

"Ningesema nini, mama?"

"Ungesema, mama umeniharibia. Siku ileile. Ningejua la kufanya, na huyu unayetoka kumzika angekuwa hai." Alilisema bila ukali, na kwa sababu hakukuwa na ukali liliuma vibaya sana. Kisha akainuka kwa kushika ukuta. "Mwiko uko wapi?"

"Mwiko gani?"

"Wa kukorogea. Pipa nililiosha. Mwiko nikauchomeka pale juu kwenye mabati. Mwiko wa pombe hauoshwi, mkono wangu wenyewe umeshazoea, ukauacha."

Ulikuwepo. Mti mrefu wa kawaida, umekaukiwa na uji wa wiki mbili, umefanya ganda la kahawia kuanzia kwenye bapa mpaka katikati. Mama Damasi aliukwaruza kwa kisu ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu, akatia pumba konzi mbili, akafunika kwa kitambaa. Ule wa kwenye pipa wakaumwaga wote. Bakuli likalala jikoni karibu na mafiga, na jioni lilikuwa limeumuka. Wakalikuza kwenye ndoo. Jumatano ndoo ikaenda pipani pamoja na pumba mpya, na kwa kuwa baridi ya mlima Kwaraa ilikuwa imeshuka siku hizo, mama mkwe alilivua shuka lake begani akalifunga pipa kiunoni kama anayemvalisha mtoto.

Siku hizo watoto waliishi kwa maji ya chumvi na sukari na uji mwepesi wa kupikwa, kidogo kidogo. Walilia. Kila walipolia Fabiola alisimama, na kila aliposimama Mama Damasi alimwambia, "Kaa." Akakaa. Walizungumza mambo ambayo hawakuwahi kuzungumza miaka kumi na minne. Mama alimsimulia jinsi mtungi wake wa kwanza wa pombe ulivyoharibika, akawanywesha wageni wa posa kwa kuona haya kusema, na jinsi posa ile nusura ivunjike. Fabiola alicheka mpaka akajishika ubavu.

Alhamisi asubuhi Mama Damasi alinusa, akakoroga, akanusa tena. "Bado." Fabiola alitamani kumbishia. Alhamisi jioni alinusa akampa mfuniko, na Fabiola akaipata ile harufu mwenyewe, uchachu mtulivu wa maziwa ya mgando, hakuna povu la fujo. Wakawachotea kidogo. Ijumaa kinyesi kilikuwa kizito. Jumamosi kilikuwa kimeshikana, na watoto kumi walikuwa wakisukumana horini mikia imejikunja.

Saa tano Fuso lilisimama nje. Marcelino aliingia na fundi Msafiri, futi imeshaning'inia kidoleni. Alimsalimia mama yake, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, akampita mkewe na kuanza kuhesabu hatua kando ya banda. Fabiola alisimama mlangoni, mikono kwenye kanga. 

"Marcelino," akaita mama yake. "Njoo hapa kwanza. Na fundi asikie."

Marcelino akaja.

"Yule mtoto aliyekufa nimemuua mimi. Nilikuta chakula cha mkeo nikadhani uchafu, nikakimwaga nikaosha pipa. Mkeo alijua, na hakukwambia. Alikuwa tayari wewe uvunje banda lake kuliko kunitaja mimi kwako. Mimi sitaki heshima ya namna hiyo, inaniaibisha. Sasa ukitaka kuvunja, vunja, lakini ujue unavunja kwa kosa la nani."

Marcelino alimtazama mama yake, halafu mkewe. "Ni kweli?"

"Ni kweli, Baba Evelyne," akasema Fabiola. "Na mimi niliwapa uji kabla haujaiva. Na hilo lilikuwa kosa langu."

Marcelino aliliendea hori akasimama.  Nguruwe kumi walikuwa wakila kwa ile sauti ya kulamba isiyo na wasiwasi wowote, migongo imenyooka, ngozi inang'aa. Aliinama akatazama sakafu, akatazama vilevile mkewe anavyotazama kila asubuhi, na Fabiola akajua kwamba siku zote mumewe alikuwa anajua cha kutazama.

"Msafiri," hatimaye akasema, "huu udongo wa banda ukitiwa zege, mteremko uelekee wapi ili maji yasituame?"

Fundi akakunja futi akaanza kueleza. Fabiola akaenda kukaa karibu na mama mkwe. Alilia bila kujificha, na Mama Damasi alimwacha alie.

Baadaye kikongwe akamgusa goti. "Mama Evelyne. Kesho ukiniona naosha kisichooshwa, utafanyaje?"

"Nitakupigia kelele, mama."

"Piga," akasema Mama Damasi.