Mdomo Uliobaki Chini ya Sita

Usiku wa kuamkia leo, kabla sijaona chochote katika ndoto, nilisikia kikombe kikituliwa kwenye kisosi. Mlio mdogo tu: ti. Nikajua niko wapi, maana mlio huo nausikia kila siku.

Nieleze kwanza. Mdogo wangu Naelijwa amepata nafasi katika chuo kimoja cha ng'ambo, akasomee mambo ya maji. Wamemkubali kwa kila kitu, kasoro Kiingereza. Wanataka afanye mtihani, na katika mtihani huo kusikiliza kuwe alama sita kati ya tisa, kusoma sita, kuandika sita, kuongea sita. Hakuna kipengele kinachoruhusiwa kubaki chini. Alishaufanya mara moja, akaanguka kwenye kusikiliza, na kuongea kukaanguka nako, kwa sababu hakusikia alichoulizwa.

Tangu hapo huweka sauti za mazoezi kwenye spika, akaifungulia mpaka mwisho, halafu akalala. Anasema Kiingereza kitamwingia hata usingizini. Mimi ndiye ninayebaki nacho jikoni, naosha tangawizi za kuuza sokoni.

Kwa hiyo wale watu wa kwenye spika nawajua wote. Kuna mama anayeelekeza wageni njia ya kwenda maktaba. Kuna mzee aliyesahau mwavuli kwenye treni. Na kabla yule mama hajaanza kusema, mtu hutua kikombe.

Basi nikageuka, nikamwona mama wa maktaba mwenyewe. Alikuwa mrefu kuliko mnara wa simu wa pale Same, na hakuonekana kusumbuliwa na jambo hilo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Akainama. Ilichukua muda kufika chini. Akaweka mkono kifuani kwa heshima, akasema kwa Kiswahili, "Toka hapo, wewe paka, nitakumwagia maji."

"Ahsante," nikasema.

"Sufuria linaungua," akaongeza kwa upole. "Mwenye funguo nani?"

Hapo nikaelewa kwamba ananikaribisha kwa maneno aliyonayo.

"Kiswahili umejifunzia wapi, mama?"

"Kwenu." Akakaa vizuri, na Kiswahili chake kikanyooka palepale, kana kwamba kilikuwa kinasubiri kuulizwa. "Wewe ulidhani spika inatoa tu? Inaingiza pia. Muda wote huu unatusikiliza sisi, na sisi tunakusikiliza wewe. Tuna mtihani na sisi."

Nyuma yake wakasimama wote. Sikuwahi kujua kwamba ni wengi hivyo. Walijaa mpaka kwenye upeo wa macho: wauza tiketi, walimu, wanafunzi wanaotafuta chumba cha kupanga, daktari wa meno, wote wamenyamaza, wote wananitazama kwa adabu kama watu waliofika msibani. Mbele kabisa alikuwa mzee wa mwavuli.

"Huyu mzee anatutia wasiwasi," mama wa maktaba akaninong'oneza. "Ameshika neno moja tu."

"Jamani," akasema mzee wa mwavuli.

Nikataka kusogeza kile kikombe kisianguke, lakini meza iliyokibeba haikuwa meza tena. Ilikuwa ukuta.

Nauona mpaka sasa nikifumba macho. Ukuta mweupe, umepanda ukapita mawingu, umechorwa namba kutoka chini, na penye sita, juu kidogo ya paa la nyumba, umechorwa mstari. Mstari wenyewe unang'aa kama ukingo wa mlima wa Pare jua linapokuwa nyuma yake. Nikafikiri, kumbe sita ndiyo hii.

Chini ya ukuta kulikuwa na mwanamume mwenye tai, amekumbatia chupa. Mwanamke aliyevaa aproni akaichukua, akaifungua, akainusa.

"Hiki Kiingereza ni cha lini, kaka?"

"Kilikuwa nane," akasema yule mwanamume. "Nane nzima!"

"Nimeuliza cha lini. Kikipita miaka miwili kinachacha. Kapike kingine."

Kisha akanisogelea mimi, akaninusa karibu na sikio. "Cha huyu kingali cha moto," akasema, akaandika kitu hewani kwa kidole.

Ukuta ukakohoa.

"Naelijwa?" ukauliza.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni Nambua, dada yake."

"Aliyesikiliza ni nani?"

Nikatazama chini. "Mimi."

"Naelijwa alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala."

"Basi mtahiniwa ni wewe. Macho yake na mkono wake vimeshapanda. Bado masikio na mdomo, na hivyo vinatoka kwako. Vikifika, mdogo wako anakwenda. Visipofika, habebi hata begi."

"Lakini mimi nimeishia darasa la tano," nikasema. Ni kweli. Mama alivunjika nyonga, nikaacha shule nimuuguze, na alipofariki nilikuwa nimeshazoea jiko.

"Sikuuliza madarasa," ukuta ukasema. "Mimi ni ukuta."

Nikainua uso. Juu ya mstari niliyaona macho ya Nae, mawili, yametulia kama ndege waliotua kwenye waya wa umeme. Pembeni yake ulikuwa mkono wake wa kulia. Ukanipungia.

"Vipengele vilivyobaki na vipande juu," ukuta ukaamuru.

Masikio yangu yakatoka. Hayakuuma, ilikuwa kama kufungua vifungo vya blauzi. Yakaanza kupanda, polepole, moja likisubiri jingine. Yakapita tatu. Yakapita tano. Yakaugusa ule mstari, mwanga ukayaangaza kwa nyuma, yakawa mekundu kama maua, nami nikaona mishipa yake yote midogo. Yakapita. Watu wa spika wakavuta pumzi kwa pamoja, na ule upepo ukanivua kilemba.

Sikuwahi kufikiri kwamba nina kitu kinachoweza kufika kule.

Kisha mdomo ukatoka. Ukaanguka chini, pu, karibu na viatu vyangu, ukafumba.

"Aaa," wakasema wa mbele.

Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamke mfupi, amejifunga kanga kiunoni, akakaa kwenye kigoda.

"Mimi ni dakika yako ya kujiandaa," akasema. "Nikinyanyuka, unaongea."

"Najiandaaje?" nikauliza. Maneno yalitokea chini, usawa wa viatu, na hakuna aliyeona ajabu.

"Wengine hulia. Wengine hutazama kucha."

"Huwezi kukaa zaidi kidogo?"

"Wote huniomba hivyo, mwanangu. Nina wenzangu mlangoni."

Walikuwa wawili, wanene, wamebanana pale mlangoni kila mmoja anataka kutangulia. Hizo ndizo dakika za kuongea. Yule mfupi akanyanyuka, akajipangusa, akaondoka bila kuaga.

"Eleza kitu unachokitaka," ukuta ukasema. "Sema ni kipi, umekitaka tangu lini, na umemwambia nani."

Nikakaza moyo. "Nataka mdogo wangu afaulu."

Mdomo ukanyanyuka, ukafika tatu.

"Nataka mvua isizidi, tangawizi zisioze shambani."

Nne.

"Nataka jiko la gesi. Moshi unanimaliza macho."

Tano. Hapo ukasimama. Ukajaribu tena, ukatetemeka, ukateleza nusu.

"Hivyo vyote umemwambia nani?" ukuta ukauliza.

"Nae anavijua."

"Ndiyo maana vyepesi. Kuna neno umelilalia. Zito. Mdomo haupandi nalo."

Wazo likapita mbele yangu, lina miguu miembamba, na halikunisalimu: ukikaa kimya, Nae habebi begi, anabaki, ataendelea kukusemea dukani, hospitali, kwa mjumbe, kila mahali. Likatembea mpaka mwisho wa ukuta, likasimama pale kunisubiri.

Nikatazama juu. Mkono wa Nae ulikuwa umeacha kupunga. Vidole vimejikunja, kama anavyolala tangu mtoto.

"Sema, bwana," akasema mama wa maktaba. Ameinama tena, uso wake mkubwa uko karibu na wangu, na ndani ya macho yake naona jiko letu, dogo, na beseni la tangawizi, na mimi nimechutama. "Sisi tulishakusikia. Kila siku nikimaliza kueleza njia, wewe unaniuliza: na humo ndani kuna nini?"

Nikaona aibu mpaka kwenye nyayo. "Sikujua kama unanisikia."

"Nakusikia kila siku. Nataka kukujibu, siwezi. Nilirekodiwa nikisema njia tu. Kata kulia, pita daraja, maktaba iko mbele yako. Nikifika hapo nakatwa."

"Jamani," akasema mzee wa mwavuli, na safari hii nikaona machozi yake.

Nikalisema lile neno. Nililisema polepole, kama mtu anayetoa sufuria la moto jikoni.

"Wa nyuma hatusikii!" mtu akapaza sauti kutoka mbali sana.

Nikarudia.

"Bado! Wanasikia wa mbele peke yao!"

Basi napiga kelele. Mimi, ambaye hata kanisani naimba kwa midomo bila sauti, nasimama mbele ya umati usio na mwisho, nalisema, nalisema tena, na kila ninapolisema safu nyingine huko nyuma inainua kichwa. Zile dakika nene zinasimama kwenye viti. Mwenye tai anaweka chupa chini. Mdomo wangu unapanda, unapita tano, unapita mstari, mwanga unausafisha, na bado unaongea, unakwenda juu huku unaongea, mpaka hakuna tena namba zilizochorwa. Sikuona ulipoishia. Niliusikia tu, kama unavyosikia ndege iliyokwisha kuingia mawinguni. Na watu wote wale, tangu miguuni pangu hadi kwenye upeo wa macho, wakasema kwa pamoja, kwa Kiswahili safi, "Tumekusikia."

Nikaamka.

Jua limeshaingia dirishani. Nae alikuwa amevaa, anafunga kamba za viatu. Leo ndiyo siku yake ya kurudia mtihani.

"Dada, chai iko mezani," akasema. "Vipi, umelala salama?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Kikatoka kitu kama majani makavu yanayokanyagwa.

Nae akaacha kamba. "Heee! Sauti imekwenda wapi?"

Nikajishika koo. Liliuma, si kama la mafua. Liliuma kama la mtu aliyepiga kelele akitaka wa nyuma wamsikie.

"Jana umelala mzima kabisa!" Nae akacheka. "Wewe, ambaye hata chumvi unanituma mimi nikakuombee kwa jirani, leo umekaukiwa kama mpiga debe wa stendi! Ulikuwa unagombana na nani?"

"Niliongea usingizini?" nikanong'ona.

"Wala. Mimi nimeamka tangu alfajiri narudia masomo, nipo hapahapa pembeni yako. Hukusema hata neno moja." Akanitazama vizuri, akaacha kucheka. "Dada, unaumwa? Nikamwambie jirani aje akae na wewe?"

Nikatikisa kichwa. Nae akavaa begi, akafika mlangoni.

"Haya, niombee, dada'angu."

"Nae."

Akageuka. Sauti yangu ilikuwa ndogo, imechanika, lakini chumba chetu si kikubwa, na alikuwa peke yake wa kunisikia.

"Na mimi nataka kusoma."