Lita Sita za Fundi Bisibisi

Iwe taarifa kwa wakazi wote wa mtaa, waliopo na watakaozaliwa: siku ya Jumamosi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Bwana Vipimo alifungua rasmi boneti ya gari lake ili kuitibu injini kwa mikono yake mwenyewe, nyumbani kwake, bila msaada wa kiumbe yeyote. Saa tatu na dakika kumi na moja boneti ilimwangukia kisogoni.

Aliinyanyua, akaiegemeza kwa mpini wa ufagio, akamgeukia mkewe aliyekuwa akianika nguo.

"Nani amegusa kile chuma cha kuzuia boneti?"

"Mimi hata sijui kinakaa wapi."

"Ndivyo asemavyo aliyegusa."

Bwana Vipimo alikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa ameingia madukani kupima vipimo vya watu, na alikuwa amekuta udanganyifu mwingi kiasi kwamba siku hizi hata kivuli chake alikitazama mara mbili. Gari lake lilikuwa limechemsha Ijumaa akitoka kazini, likatoa mvuke kama birika. Gereji hakulipeleka. Gereji, alisema, unaingiza gari lako unatoka na la mwingine.

Isitoshe, ndani alikuwa na vifaa. Si nyundo na spana za kila mtu, bali vifaa vya kitaalamu, arobaini na moja, kila kimoja na msumari wake ukutani mwa banda la gari. Alivihesabu kabla ya kuanza, akavihesabu tena kwa kuanzia upande wa pili, asije akawa amezoea kosa.

Kwanza alifunga pampu ya presha kwenye mdomo wa rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, akasukuma mpaka mshale ukafika panapotakiwa. Akakaa juu ya kigoda dakika ishirini akiukodolea macho. Mshale haukushuka. Rejeta haikuwa na tundu.

Kisha alichukua chupa yenye dawa ya bluu, ile ambayo hugeuka njano moshi wa injini ukipenya kwenye maji. Ilibaki bluu kama sare ya shule. Themostati, kile kilango kinachopitisha maji injini ikipata moto, aliichemsha kwenye sufuria ya mkewe, kipimajoto kando. Ilifunguka ilipopaswa kufunguka. Mkewe alisema sufuria hiyo hataipikia tena.

Hakukuwa na ubaya popote. Alijaza lita sita za maji ya kijani ya rejeta, akakaza mfuniko, akatandaza maboksi makavu chini ya gari na kuwasha injini. Baada ya dakika kumi ilichemka. Alipofungua, rejeta ilikuwa kavu. Maboksi nayo yalikuwa makavu.

Bwana Vipimo alimtazama mkewe. Akamtazama binti yake wa shule ya bweni, aliyekuwa nyumbani kwa likizo na aliyekatazwa kulikaribia gari. Akalitazama paka la jirani juu ya ukuta.

"Lita sita haziendi bila mchukuzi," alisema.

Hapo lango lilibishwa. Alikuwa Fundi Bisibisi wa mtaa wa nyuma, amelowa kichwa na mabega, mikononi ana beseni la maji ya kijani yanayofuka mvuke.

"Hodi, jirani. Samahani, mvua yako inaninyeshea."

"Mvua gani? Jua kali hili."

"Ya gari lako. Ukiwasha, inanyesha juu ya paa langu. Kwangu tu. Godoro limeshalowa, na mama watoto analalamika inaunguza."

Bwana Vipimo alichovya kidole, akakinusa. Hakushangaa. Alichotaka kujua ni kama beseni lilikuwa na lita sita kamili.

"Zipo tano na kidogo. Nyingine zimeingia kwenye godoro."

"Kwa hiyo unakiri kuwa nyingine umebaki nazo."

Fundi Bisibisi aliweka beseni chini. Inafaa kueleza kwamba zamani hakuitwa hivyo. Miaka tisa iliyopita alikuwa fundi wa injini anayesifika, mwenye mwili na sauti. Alipoenda kumuuguza mama yake, alimwachia jirani huyu sanduku la vifaa na kumwambia, nitunzie wiki mbili. Bisibisi moja ilikuwa imesahaulika mfukoni mwake, na ndiyo aliyobaki nayo, kwani aliporudi, kila alipoliulizia sanduku aliambiwa linatunzwa. Tangu hapo alikuwa akikaza vishikio vya masufuria na bawaba za madirisha.

"Kaka," alisema kwa upole, "nilitaka na lingine. Gereji ya mabasi wanataka fundi. Jumatatu saa mbili. Sharti uje na vifaa vyako. Nikikosa hapo, kwa umri huu, sipati tena pengine. Naomba lile sanduku langu."

"Sanduku nalitunza."

"Najua. Nimerudi."

"Umerudi, sawa. Lakini aliyeniachia alikuwa mnene."

"Nilikuwa mimi."

"Alikuwa na nywele nyeusi. Na sauti kubwa. Nikikupa wewe, kesho akija yule mnene nitamwambia nini?"

"Shemeji ananijua. Shemeji, si unanijua?"

"Namjua," alisema mke, pini za nguo mdomoni. "Ni yeye. Mrudishie mtu vitu vyake."

"Umeona?" Bwana Vipimo alisema. "Wamekwisha kupatana."

Fundi aliingiza kichwa bandani, akavitazama vifaa vyake ukutani. Jina lake, alilolichora kwenye kila kimoja kwa ncha ya msumari, lilikuwa limefunikwa kwa rangi nyekundu, ya kuzuia kutu. Akayamimina maji kwenye ndoo ya mwenye gari, akalichukua beseni tupu akaenda zake.

Jumapili mkaguzi alifanya uchunguzi. Alimtuma mkewe akasimame nyumbani kwa Fundi na simu, yeye akawasha gari.

"Imeanza?"

"Imeanza."

Akazima. "Na sasa?"

"Imekatika. Watoto wameleta ndoo. Baba Binti, hapa pana watu wanalala sakafuni, vile vifaa..."

"Usibadilishe mada."

Aliandika saa na dakika katika daftari. Halafu, kwa kuwa hakuiamini mvua wala mkewe, aliifungua injini yote. Alinyanyua kifuniko cha silinda, akabadilisha gasketi ambayo haikuwa na kosa, akakaza boliti moja moja kwa ile spana ndefu ambayo hulia "tik" boliti ikitosheka. Alifanya kazi safi. Lazima isemwe kwamba vifaa vilikuwa vizuri mno na vimetunzwa vizuri mno. Alipowasha, ng'ambo ya nyumba tatu maji yalisikika yakipiga bati.

Jumatatu Fundi alikwenda gereji ya mabasi na bisibisi yake. Mkono mtupu haulambwi. Walimpa kiti, wakampa maji ya kunywa, wakampa kazi kijana mwenye sanduku jipya.

Jumatano Bwana Vipimo alikata shauri, naye hakuwa mtu wa kumwonea mtu. Alikwenda kwa Fundi na mfereji wa bati na dumu. Waliufunga mfereji ukingoni mwa paa, Fundi akikaza skrubu kwa kifaa chake pekee. Mapatano yalikuwa haya: maji yakinyesha yataingia dumuni, na kila jioni Fundi atayarudisha, kwa kuwa maji ni ya mwenye gari. Kwa njia hiyo godoro litakauka, na gari litatembea kazini na kurudi.

"Na wewe umekubali?" mke wa Fundi alimuuliza mumewe.

"Nikipeleka maji," Fundi alisema, "napata kuviona."

Ikawa hivyo, na mtaa ukazoea. Watoto waliacha kusimama kuitazama mvua ya paa moja. Kila jioni Fundi alipita na dumu begani, akaliweka mlangoni pa jikoni, kisha akaenda kusimama bandani mikono nyuma, kama mtu anayeangalia wagonjwa wake. Bwana Vipimo alioga, akavaa miwani, akatoka na jagi lake lenye mistari, lililokaguliwa na yeye mwenyewe, akapima.

Siku ya kwanza kilipungua kikombe kimoja. Siku ya pili, kikombe. Siku ya tatu alikwenda na jagi hadi langoni na kupima mbele ya majirani.

"Mimi nimemtunzia mali miaka tisa," aliwaambia, "haijapotea hata skrubu. Yeye hawezi kunitunzia maji toka pale hadi hapa. Mnamwona? Mwizi ni mwizi."

Majirani walimtazama Fundi. Mmoja, aliyekuwa amempa madirisha mawili ya kukaza, alisema basi, atayakaza mwenyewe.

Na hapa simulizi lingeishia, kwa heshima zake zote, kama msimulizi asingekamatwa. Kikombe nilikuwa nakichota mimi, binti mwenyewe wa shule ya bweni. Nilianza kwa utani, nione mkaguzi wa mizani atasema nini mizani ikimgomea. Siku ya tatu nilisikia aliyoyasema langoni, nikiwa nyuma ya pazia, na sikutoka.

Siku ya nne nilikuwa nimepiga magoti mlangoni pa jikoni, kikombe ndani ya dumu, nilipoona miguu yake imesimama kando yangu. Ndani Baba alikuwa akiimba bafuni.

Fundi aliinama, akaliinamisha dumu kidogo ili nifikie vizuri.

"Polepole, mwanangu," alisema. "Usijiunguze. Bado ya moto."

Nikajaza kikombe. Yeye akaenda bandani kusubiri kuitwa mwizi.