Ukurasa wa Arobaini na Sita

Mpiga chapa wa duka la stesheneri wateja walimwita Mchokonozi, maana ukimpa karatasi aichape lazima akuulize yaliyomo. Mwenyewe hakukasirika. Kuuliza si ujinga, alisema, ujinga ni kuchapa usichokielewa.

Wiki nzima alikuwa akichapa madaftari ya mkunga mstaafu yawe kitabu. Mkunga alikuwa na mpango mmoja wa kuandika tangu ujana wake: kushoto mama, kulia mtoto, wakitazamana. Mchokonozi akajifunza kuiamuru kompyuta vivyo hivyo. Akatengeneza mtindo wa ukurasa wa kushoto wenye kichwa "Mama" na wa kulia wenye kichwa "Mtoto", pambizo pana ikikaa upande wa mshono ili maneno yasimezwe na gundi.

Kukawa na jambo moja lililomkera na kumnogea kwa pamoja. Kwenye kioo cha kompyuta, kurasa zilifika arobaini na tano zikarukia arobaini na saba. Alipochapisha, printa ikatema ukurasa mweupe katikati, hauna kichwa wala namba. Alijaribu kuufuta kwa kila njia, wapi. Utafutaje kitu ambacho kwenye kioo hakipo? Akalifungua daftari. Kumbe kulia palikuwa na mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, na kushoto mkunga hakuandika kitu. Watoto wawili walifuatana, na kwa kuwa mtoto hakai kushoto, kompyuta ilijiwekea karatasi tupu.

Mkunga alipokuja kukagua, Mchokonozi hakungoja hata akae.

"Shikamoo mama. Huyu wa arobaini na saba, mama yake yuko wapi?"

"Marahaba. Hata maji hujanipa." Mkunga akavaa miwani. "Alijifungua alfajiri, kulipokucha kitanda kitupu. Hata jina alilotuambia halikuwa lake. Mtoto ndiye binti yangu, fundi cherehani. Anajua, sikumficha."

"Si ungejiandika wewe? Kuzaa si kazi, kazi kulea."

"Aliyesema hivyo hajawahi kuzalisha. Nilimwona yule dada alivyohangaika. Niketi mahali pake kwa lipi?" Akaugeuza ukurasa mweupe, akaugeuza tena. "Lakini hata namba hauna? Mwanangu ataona kitabu nacho kimemruka. Na yuko njiani kunichukua."

Huruma ikamshika Mchokonozi. Akarudi kwenye kioo, akaingiza ukurasa halisi mbele ya ule wa mtoto, akaupa mtindo wa kushoto. Papo hapo kichwa kikajitokeza, "Mama", na chini namba arobaini na sita. Kurasa nyingine hazikusogea hata kidogo. Printa ilikuwa bado inanguruma binti alipoingia, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

Alisalimia, akapekua moja kwa moja hadi kwake. Akautazama ukurasa wa kushoto, na mkunga akautazama mlango.

"Kalamu mnayo?" binti akauliza.

Akaandika, "Aliyenizaa, popote alipo." Akashuka mstari, akaandika jina la mkunga.

"Unaharibu kitabu," mkunga akasema, machozi yakimlengalenga.

"Mbona panatosha wawili, mama."

Mchokonozi alikuwa na swali. Akalimeza, akavuta kibodi, akaanza kuichapa ile mistari miwili.