Turubai la Anti Taranjit

Jumapili moja ya Aprili 2006, Nadira, karani wa benki mjini, alipanda Milima ya Ngong na jirani yake wa mtaa wa Loresho, Anti Taranjit, mwalimu mstaafu. Anti alibeba turubai alilolitumia miaka ishirini, lenye viraka vingi hata rangi yake ya kwanza haikujulikana.

Mvua ya upepo iliwakuta karibu na kilele. Anti hakubabaika.

"Shika pembe hiyo, usiachilie!"

Akafunga kamba kwenye vichaka viwili, akapigilia vigingi kwa jiwe, na kufumba na kufumbua wakawa wamekaa pakavu. Wapandaji watano wasiowajua wakakaribishwa, wakabanana humo wakicheka. Turubai lilivimba kwa upepo, lakini halikupasuka wala kuvuja tone.

Nadira alipapasa mishono iliyokuwa juu ya kichwa chake. Ilikuwa midogo, imenyooka, imepakwa nta ya mshumaa.

"Anti, nani alishona hii?"

"Ni mimi. Hii kitu nikiipeleka kwa fundi, ataiharibu."

"Basi nifundishe."

Jumamosi iliyofuata Anti alimpa sindano na kipande cha turubai. Nadira alijidunga kidole mara nne kabla mshono wake wa kwanza haujakubaliwa.